Sura Niliyoiruka

Mimi ni mtu wa kujipendekeza. Nalisema mapema, kabla sijaanza kujitetea, maana najijua: nikipewa nafasi nitajitetea mpaka msomaji anionee huruma, na huruma hiyo siistahili. Watu wa Bwera wananiita mwalimu. Nikipita sokoni wananisogezea benchi, wananiuliza habari za nyumbani, wananikabidhi barua zao za ofisini niwasomee. Wangejua, wangelivuta lile benchi nikiwa nimeshakaa nusu.

Habari yenyewe ni ya mzee mmoja, ya mama mmoja, na ya jenerali mmoja wa Hispania aliyekufa zamani sana, kabla hata babu zetu hawajazaliwa. Jenerali hakutukosea kitu. Mimi ndiye niliyemtumia vibaya.

Nianze na mzee. Alikuwa kanali ng'ambo ile, upande wa Kongo, katika jeshi la zamani. Alivuka mpaka na mke wake na sanduku moja, akapanga chumba hapa Bwera, upande wa Uganda, na baada ya miaka michache tukamfanya mwenyekiti wa jamii yetu ya wafanyabiashara Wakongomani. Hakuomba. Ugomvi ukitokea sokoni, watu walikwenda kwake. Lori la kakao likizuiwa mpakani, yeye ndiye aliyevaa koti akaenda kuongea na wenye mihuri. Alikuwa na sauti ya chini, haharakishi neno, na hata Waganda wenyewe walimwita afande ingawa hakuwahi kuwaamuru hata siku moja. Mimi nilimpenda. Hilo ni la kweli, msilitilie shaka, ingawa nilimpenda na huku namhitaji.

Hapa mpakani tuna adabu moja ambayo hakuna aliyetufundisha. Mtu akivuka kutoka Beni au Butembo hatumuulizi alifanya nini kule. Tunamuuliza amekula? Ana pa kulala? Ana ndugu upande huu? Basi, imetosha. Katika nyumba sita za mstari wetu unaweza kumkuta aliyechoma na aliyechomewa wanateka maji kwenye bomba moja, na ndoo zimepangwa foleni vizuri tu. Wageni wanatuona watu wapole. Sisi wenyewe tunajua kwamba tukianza kuulizana, hatutamaliza.

Mzee akaugua. Sukari, halafu figo, miguu ikavimba mpaka viatu vikamkataa. Alilazwa hospitali ya misheni kule Kisinga wiki tatu, wakamrudisha nyumbani na dawa, na wakamwambia mke wake kwa upole kile ambacho wauguzi huwaambia wake za wagonjwa wasiopona. Mama yule akaniita. “Mwalimu, wewe unatoka kazini saa tisa. Kuya ukae naye kidogo. Redio imemuchokesha, na wageni wanakuya kumulilia akiwa muzima.”

Nikakumbuka kwamba nina kitabu. Nilikipata Kasese mjini, siku niliyokwenda kufuatilia karatasi zangu, kwenye turubai la vitabu vya mitumba karibu na stendi. Jalada halikuwepo, kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa, lakini kilikuwa cha Kifaransa, na Kifaransa kwetu ni kama harufu ya nyumbani. Kilikuwa maisha ya jenerali wa Hispania aliyeishia kuwa mkuu wa serikali. Nilikuwa sijakisoma. Nilikinunua kwa uroho tu.

Basi kila alasiri tulikaa barazani, mzee ameinua miguu juu ya kigoda, mimi nasoma kwa macho Kifaransa na kumwambia kwa mdomo Kiswahili. Siku ya kwanza nilidhani atasinzia. Wapi! Jenerali alikuwa mtoto wa mwisho wa fundi wa mikokoteni, katika kijiji kikavu, nyumba imejaa watoto. Walimpeleka seminari awe padri. Wafaransa walipovamia nchi, kijana akaivua kanzu akashika bunduki. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

“Huyu mutu ni wa kwetu,” alisema. “Hata miye nilikaa seminari miaka mbili. Bapadri banasema niko na kichwa mubaya. Haikuwa kichwa, mwalimu. Ilikuwa tumbo. Tulikuwa nalala njaa.”

Tukaendelea. Jenerali alivuka bahari akapigania makoloni ya mfalme wake, akashindwa pamoja na wengine wote, akarudi na cheo na majeraha. Kisha mfalme akafa akaacha mtoto wa kike, na ndugu wa mfalme akasema mwanamke hatatawala. “Hiyo ni shida ya shamba,” mzee akasema. “Shamba yoyote iko na ndugu ya hivyo.” Nchi ikagawanyika, vita vikala miaka, na jenerali akapigana upande wa yule mtoto, kwenye milima na theluji. Sura ya mwisho wa vita alinirudisha niisome mara tatu. Majeshi mawili yamesimama uwanjani, yanatazamana, na majenerali wawili waliouliana watu kwa miaka wanasogea mbele na kukumbatiana juu ya farasi, mbele ya askari wote. Askari nao wakaanza kukumbatiana.

Mzee akauliza swali ambalo alikuwa akiliuliza kila siku kwa njia moja au nyingine: “Na huyu alikosea wapi? Mutu mukubwa hivi, hajachoma kijiji hata kimoja?”

“Bado hatujafika, afande,” nilimjibu. Nilidhani anatania.

Sasa mama. Alikuwa anakaa Kisinga na kulima vitunguu na nyanya, na siku za soko alikuja kuuza huku mpakani. Nilimfahamu kwa uso, kama ninavyowafahamu wote. Jumapili moja baada ya misa alinisubiri nyuma ya kanisa, kitenge amekivuta vizuri, viatu ameshika mkononi kwa sababu ya matope. Aliniambia kwamba ana shida na yule mzee ninayemsomea.

Akaniambia. Zamani, vitani, siku ya soko, askari walifika kijijini kwao ng'ambo wakachukua wanaume saba waliokuwa wanapakia kakao. Mume wake alikuwa mmoja. Hawakurudi. Aliyeongoza kikosi kile alikuwa na sauti ya chini, haharakishi neno. Mama huyu alipofika Bwera miaka mingi baadaye na kumsikia mwenyekiti anaamua ugomvi wa meza ya samaki, alijikuta amekaa chini juu ya nyanya zake mwenyewe. Tangu siku ile ameishi naye soko moja. Mzee mwenyewe ndiye aliyempa hata mahali pa kuuzia. Hakumjua ni nani.

“Mama, pole sana,” nilisema. Nilikuwa natazama huku na huku nione kama kuna anayetusikia. Nakumbuka hilo vizuri, na nalionea haya.

“Sitaki kesi,” akasema. “Sitaki hata aniombe musamaha. Musichana wangu amepata bwana, kijana wa heshima, beko tayari kuleta mbuzi. Bandugu wa bwana yangu wamekataa kupokea. Wanasema ndugu yetu haiko muzima, haiko mufu, tutapokeaje mbuzi ya mutoto wake? Tuonyesheni kwanza mahali amelala, tutoe kilio, halafu tukule harusi. Nataka mahali tu, mwalimu. Hata akisema chini ya muti fulani, karibu na muto fulani. Wewe unakaa naye kila siku. Muulize.”

Nilimwahidi. Nilimshika mkono kabisa, nikamwambia, “Mama, niachie mimi.” Mdomo wangu huwa mwepesi kanisani.

Kwenda kumuuliza mzee uso kwa uso sikuthubutu. Nilizunguka nalo wiki nzima. Ndipo usomaji wangu ukanipa hila. Nilikuwa na tabia ya kupitia kurasa za mbele kabla ya kumsomea, nisije nikakwama kwenye neno gumu, na humo nikaikuta sura yenyewe. Jenerali sasa ameshavua vumbi la vita, anatawala nchi yote kwa niaba ya malkia mtoto. Mji mkubwa wa pwani, mji wa viwanda, unamwasi. Yeye anapanda mpaka kwenye ngome iliyo juu ya kilima, anaamuru mizinga igeuzwe, na mji unapigwa kutoka juu kutwa nzima. Nyumba kwa mamia. Mji wa watu wake mwenyewe. Kitabu kinasema hata marafiki zake hawakumtazama tena kwa jicho lile la zamani, na kwamba hapo ndipo utawala wake ulipoanza kuoza.

Nikasema, huu ndio mlango. Nitaisoma sura hii polepole, nitanyamaza, halafu nitamwambia: afande, kuna mama mmoja. Nilijiona mjanja kweli. Nililala usingizi mzito usiku ule.

Siku yenyewe nilipofika nilikuta mzee ametolewa barazani na kitanda chake, na baraza limejaa. Katekista alikuwepo na akina mama wawili wa jumuiya. Hajji mwenye malori alikuwepo, Mwislamu wa Kasese ambaye mzee alimsaidia mara nyingi mpakani, ameleta mkungu wa matoke akauegemeza ukutani. Wote walikuwa wanamsifu mzee, kama watu wanavyomsifu mgonjwa ambaye hawatarajii kumwona mwezi ujao. Bila wewe tungekuwa wapi. Mungu ameona mikono yako.

Hapa lazima niseme jambo ambalo sijawahi kulisema kwa sauti. Shule yetu ya jamii ilikuwa inatafuta mwalimu mkuu. Mzee alikuwa ameahidi kunisemea. Katekista alikuwa kwenye kamati. Nilimwona pale, miguu ameikunja, chai mkononi, na papo hapo nikaanza kuhesabu kichwani: huyu akinisikia namhukumu mzee kitandani mwake, mbele ya wageni, kwa hadithi ya kuchoma miji, atasema nini kwenye kikao? Na tena kwetu mgonjwa haletewi maneno mazito. Adabu hiyo nayo niliishika haraka haraka nikajifunika nayo.

“Endelea, mwalimu,” mzee akasema. Alikuwa amejiinua kidogo kwenye mto. “Jana tuliacha mji umeasi. Alifanya nini?”

Wote wakanigeukia. Kitabu kilikuwa wazi mapajani pangu, ngome ile pale, mizinga ile pale.

“Aliongea nao,” nikasema.

“Aliongea nao?”

“Aliwatuma wazee, afande. Wakakaa chini, wakasikilizana. Mji ukatulia.”

Katekista akatikisa kichwa kwa furaha. “Kiongozi wa kweli,” akasema. Hajji akasema mashallah.

Lakini mzee alikuwa bado ananitazama. Macho yake yalikuwa ya njano kwa ugonjwa, na hayakupepesa. “Hakupiga hata risasi moja?”

“Hata moja.”

“Maisha yake yote, kwa raia, hata moja?”

Angalieni basi alivyonipa nafasi. Aliniuliza mara mbili, mbele ya mashahidi, alichobakiza ni kunishika shati. Na mimi nikafunua kurasa nyingi kwa mkupuo, nikasema, “Hata moja, afande. Ndiyo maana wanamkumbuka.”

“Ah bon,” akasema mzee kwa Kifaransa, yaani kumbe. Akajilaza, akageukia ukutani. Wageni wakafikiri amechoka, wakaanza kuaga.

Siku ya soko iliyofuata yule mama alikuwa ananingoja kwenye meza yake. Aliniona kwa mbali. Nilikuwa na njia nyingine ya kupita, na nilikuwa nimeshaanza kuishika, ila aliniita. Uso wake ulikuwa umejaa tumaini, nikaona bora nilimalize mara moja.

“Nimemuuliza, mama,” nikasema. “Hakumbuki. Ugonjwa umemuharibu kichwa. Anachanganya hata majina ya watoto wake.”

Uongo mtupu. Mzee alikuwa anakumbuka namba za bunduki za askari wake.

Mama akatazama nyanya zake. Akazipanga upya, ingawa zilikuwa zimepangwa. “Aksanti, mwalimu,” akasema mwishowe. “Umejaribu. Wengine hata kujaribu hawangejaribu.” Akanifungia nyanya kwenye karatasi, nane, zile kubwa za mbele. Nikakataa kidogo kwa adabu, kisha nikazipokea. Mke wangu alizipika jioni na mayai, na nilikula.

Niliendelea kumsomea mzee. Jenerali akaanguka, akakimbia kwa meli, akaishi Uingereza miaka kadhaa kama mkimbizi. Nilidhani hapo atachangamka, maana ukimbizi ni somo letu. Aliomba maji tu. Jenerali akaitwa tena, akaongoza serikali miaka miwili, akachoka na wanasiasa, akarudi kwenye mji mdogo wa mke wake akalima bustani. Watu walikuja kumpigia hodi wakamwambia chukua taji, uwe mfalme. Akawajibu kwamba ni mzee, hawezi. Niliisoma sehemu hiyo kwa sauti nzuri, nikaipamba na maneno yangu. Mzee alikuwa amefumba macho.

“Umeisikia, afande? Ufalme wenyewe ameukataa.”

“Nimesikia,” akasema. “Mutu safi anaweza kukataa.”

Nikadhani anasifu. Niliandika sentensi hiyo kwenye daftari langu, eti nitaitumia siku moja.

Siku ya kumi na mbili baada ya ule uongo wangu wa barazani aliamka hawezi kusema. Alikuwa anafungua mdomo, sauti haitoki. Siku mbili baadaye akafa, asubuhi, mke wake anamfuta uso.

Kwetu, kabla jeneza halijashuka, mtu mwenye elimu anasimama na kusoma historia ya marehemu. Walinichagua mimi, nani mwingine? Niliandika kurasa nne. Nilimlinganisha na jenerali wa Hispania, mwana wa fundi wa mikokoteni: wote walianza seminari, wote walipigana, wote waliishia kupatanisha watu. Na niliitumia ile sentensi ya daftari. Kisha nikaongeza kwamba amekufa mikono safi. Baadhi ya watu walilia. Katikati ya umati nilimwona yule mama wa Kisinga amesimama na kitenge cha msiba kiunoni. Alikuja kumzika. Alikuwa amembebea mfiwa mchicha na vitunguu kwenye beseni. Baadaye alinipita karibu akaniambia, bila uchungu wowote, “Mutu mwenye kusahau, utamufanya nini? Nimemuachia Mungu.” Nikaitikia kwa kichwa, kama vile nami nimemwachia Mungu.

Kabla mwezi haujaisha nikapewa shule.

Baada ya misa ya siku arobaini mjane aliniita nichukue kitabu changu. Tulikaa barazani pale pale. Alikuwa amekonda. Alinipa kitabu, halafu hakukiachia, tukabaki tumekishika wote wawili.

“Mwalimu,” akasema, “nikuulize. Ile jenerali, kweli hakuua raia?”

“Kwa nini, mama?”

“Kwa sababu muzee alikuwa anangojea. Tangu ulianza kusoma, kila jioni ananiambia: mutu hawezi kupanda hivi bila kuchafua mikono, mwalimu atafika tu pale pabaya, na akifika, miye pia nitasema yangu, mwalimu ataandika. Alikuwa na kitu ya ng'ambo. Kuna batu alizika fasi moja, mahali yeye anajua, alitaka karatasi iende kwa parokia. Nilimwambia, niambie miye. Akakataa. Akasema, hii ni kazi ya karatasi, haiko kazi ya machozi. Halafu siku ile wageni walikuya, jioni nilimukuta analia. Ananiambia, ‘Kumbe ni miye peke yangu.’ Hakusema tena.”

Nilichukua kitabu nikaenda nacho nyumbani, na njiani watoto wa shule waliniamkia, shikamoo mwalimu mkuu, shikamoo mwalimu mkuu, nami nikawa naitikia marahaba, marahaba, mpaka mlangoni.

Nilikaa na siri hiyo wiki tatu. Sitawadanganya kwamba nilikimbia Kisinga siku ile ile. Wiki tatu nzima nilijiambia mambo mengi. Kwamba mzee angeweza kusema bila kitabu, alikuwa mtu mzima. Kwamba labda angetaja mahali pa uongo. Kwamba kumwambia mama sasa ni kumtonesha kidonda bure. Hoja zote zilikuwa nzuri. Nilipokuwa darasani nikiwaambia watoto waache kuiga majibu, nilikuwa nawapa mgongo na kufuta ubao uliokwisha kufutwa. Soko nalo nililikwepa, na mke wangu akaanza kuuliza kwa nini siku hizi namtuma yeye.

Kisha nikasikia, kutoka kwa huyo huyo mke wangu, kwamba msichana wa yule mama amehamia kwa kijana wake. Bila mbuzi, bila wazee, amebeba nguo zake kwenye mfuko. Wazee wa ukoo walikataa mpaka mwisho, na kijana alichoka kusubiri. Mama hakumsindikiza. Kwetu mama hawezi kumsindikiza binti anayeondoka hivyo.

Siku iliyofuata nilichukua boda alfajiri, kabla ya shule. Nilimkuta uani, amekaa kwenye jamvi, anatenga vitunguu, vizuri upande huu na vilivyooza upande ule. Alifurahi kuniona. Alitaka kunipikia chai. Nikamwambia akae, nikasema yote. Nilianza na jenerali, nikaona anashangaa, kwa nini namletea habari za Wazungu asubuhi yote hii, lakini sikujua mlango mwingine wa kuingilia. Nikamwambia kuhusu ngome na mizinga. Nikamwambia kuhusu wageni, na nilivyoruka sura. Nikamwambia kwamba sikumuuliza mzee kamwe, hata neno moja, na kwamba kusahau kwake nilikutunga mimi pale pale mezani kwake. Mwisho nikamwambia aliyoyasema mjane.

Mikono yake iliacha kufanya kazi. Hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, hata kwa kofi, na ningelipokea kwa shukrani.

“Siku ile uliniambia amesahau,” akasema, “alikuwa anaongea bado?”

“Ndiyo, mama.”

“Maneno inasikika?”

“Inasikika vizuri.”

“Na akili iko?”

“Ilikuwepo yote.”

“Alibaki hivyo siku ngapi?”

Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa nimezihesabu mara nyingi mno. “Kumi na moja tangu niliporuka ile sura.”

“Kumi na moja,” akasema. Alitazama barabara, pale boda yangu ilipokuwa inasubiri. “Toka hapa mpaka kwake ni nusu saa. Nilikuwa hapa, mwalimu. Siku zote hizo nilikuwa hapa hapa.”

Nilianza kusema mama nisamehe. Aliinua kiganja, siyo kwa hasira, kama mtu anayemzuia mwenzake asikanyage vitunguu.

“Ulikuwa unaogopa nini?”

Swali lenyewe lilikuwa dogo, na jibu lake lilikuwa dogo kuliko swali. Nikamwambia: shule. Nilitaka kuwa mwalimu mkuu, na mtu wa kamati alikuwa amekaa pale anakunywa chai.

“Na ukapata?”

“Nilipata.”

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeelezwa bei ya kitu na sasa ameielewa. Akashika kitunguu, akakibonyeza kwa kidole gumba, akakiweka upande wa vilivyooza. Akachukua kingine.

“Basi enda, mwalimu,” akasema, bila kuniangalia. “Batoto banakungoja.”

Nilienda. Nilifika kabla ya kengele.